Kochi Moja, Nyumba Tatu

Edah alitaka kitu kimoja tu duniani: sakafu ambayo maji ya Aprili hayawezi kuitembelea. Hakutaka mali. Hakutaka mume mwingine pia, kwa sababu wa kwanza alimtosha, na shemeji zake wa Malakisi, wilaya ya Bungoma, walimtosha zaidi. Hao ndio waliomtoa kwenye shamba la tumbaku siku ya arubaini baada ya mazishi, kwa kosa la kutozaa. Alitaka saruji. Kibanda chake cha udongo pale Kipsongo, Kitale, kilikuwa chini kabisa kwenye mteremko, na kila masika maji ya mtaa mzima yalipitia kwake kwanza, kama wageni wa heshima.

Basi Februari ya mwaka wa themanini na nane mbingu zilifunguka, zikamwaga kamati.

Makanisa matatu yalikuwa yameunda Kamati ya Makao, yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na birika kubwa la chai. Ilikutana Bungoma kila Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kugawa vyumba sita vya saruji kwa watu waliotengwa na jamii: wajane waliofukuzwa, waliotoka jela, na wale ambao hata kanisani huachiwa benchi zima peke yao. Kamati ilijua kila kitu kuhusu watu hao isipokuwa mahali walipoishi. Kwa hiyo ilimtuma katibu wake, Bramwel, kijana mpole mwenye tai, aende Kitale na fomu ya maswali thelathini na moja kutafuta wenye shida ya kweli.

Habari zilifika Kipsongo kabla yake. Mgeni anakuja Alhamisi.

Neno hilo, mgeni, ndilo lililoharibu kila kitu. Mtu wa kamati angeonyeshwa matundu ya ukuta. Mgeni huonyeshwa kiti.

Edah aliitisha kikao nyuma ya nyumba yake. Waliohudhuria ni majirani wake wawili. Wa kwanza ni Dinah, mpika pombe ya busaa, ambaye akina mama wa kanisa walimsalimia kwa macho tu, tena wakiwa ng'ambo ya barabara. Wa pili ni Kemboi, aliyefungwa miaka miwili kwa sababu ya ng'ombe ambaye, kwa maelezo yake, alimfuata mwenyewe.

"Ajenda ni moja," Edah alisema. "Kochi."

Kochi lilikuwa lake. Ndilo pekee katika safu ile ya vibanda, lililofunikwa kitambaa cheupe cha kroshia mgongoni na kwenye kikalio, na ndilo mali pekee aliyotoka nayo Malakisi. Dinah alikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu. Kemboi alikuwa na mgongo wenye nguvu.

"Mimi sina hata stuli," alisema Kemboi. "Si nimketishe kwa debe tu?"

"Mgeni kwa debe!" Dinah alishtuka. "Arudi Bungoma aseme nini, ati sisi ni wanyama?"

"Lakini si anatafuta watu maskini?"

"Umaskini ni mambo yetu," Edah alisema. "Kiti ni mambo ya mgeni. Sikiza. Akimaliza kwangu, mimi namsindikiza kwa Dinah, lakini napitia njia ndefu. Wewe unabeba kochi na chupa kwa njia fupi. Akimaliza kwa Dinah, hivyo hivyo mpaka kwako."

"Yaani nimefungwa kwa ng'ombe, sasa nifungwe tena kwa kiti."

"Hiki huibi. Unakisindikiza."

Azimio lilipita bila kupingwa. Kemboi aliomba kura ipigwe, akakumbushwa kwamba mbebaji hana kura.

Alhamisi Bramwel alifika saa tatu, viatu vikiwa vimejaa vumbi. Edah alimketisha, akamwagia chai, akamsukumia sahani ya mandazi. Alipoona kalamu ikitolewa, alijipanga kama mtahiniwa.

"Mama, kwa siku unakula mara ngapi?"

"Mwanangu, unaniuliza chakula na mandazi uko nayo mkononi?"

Bramwel akaona aibu, akaandika: *chakula kipo*.

"Na mvua ikinyesha, maji huingia ndani?"

Hapa moyo wa Edah uligonga. Hili ndilo swali alilolisubiri miaka sita. Lakini alimtazama kijana wa watu alivyostarehe, kikombe kikitoa mvuke gotini, akaona itakuwa ni kumwambia mgeni amekaa ndani ya bwawa.

"Kidogo tu," alisema. "Maji ni baraka."

Bramwel aliandika *baraka*, akashtuka kidogo, akamwaga tone kubwa la chai kwenye kroshia. Aliomba radhi mara nne.

Kisha Edah akamsindikiza, akichechemea kwa miguu yake mibovu. Kutoka kwake hadi kwa Dinah ni hatua ishirini, lakini Bramwel alitembezwa hadi kisimani, akaonyeshwa posho mili ya kusaga mahindi, akasalimiwa na wazee wawili wasiohusika na chochote. Walipofika kwa Dinah, kochi lilikuwa limekaa sebuleni kana kwamba lilizaliwa hapo.

"Karibu keti," Dinah alisema.

Bramwel alikaa, akainuka kidogo, akakaa tena. "Kiti chako kina joto, dada."

"Ni jua hilo."

Nyumba haikuwa na dirisha. Bramwel alikuwa mtu wa adabu, akaandika *jua la kutosha*.

Kwa Kemboi mambo yalikaribia kuharibika. Dinah alikuwa amemzungusha mgeni kadiri alivyoweza, lakini mgeni alianza kuchoka na kutembea haraka. Walimkuta Kemboi amesimama kando ya kochi, jasho likimtiririka, chupa ya maua mekundu kwapani kama mtoto mchanga.

"Umetoka kukimbia, bwana?"

"Hapana bana," Kemboi alihema. "Mimi hupumua hivi tangu jela."

Bramwel alinywa kikombe cha tatu cha chai, akakaa juu ya doa lake mwenyewe bila kuligeukia, akarudi Bungoma akiwa ameguswa sana. Taarifa yake ilisema kwamba Kipsongo imesingiziwa: kila nyumba aliyoingia ilikuwa na kochi la kroshia na chupa nzuri ya chai, na bila shaka mtaa ule una fundi wa samani hodari asiyejulikana. Alipendekeza vyumba wapewe wengine.

Barua ilisomwa kanisani Machi. *Waombaji watatu wa Kipsongo hawakufaulu, kwa sababu wana samani.* Uamuzi wa mwisho ungefanywa Jumamosi.

Edah alirudi nyumbani, akalitazama kochi kwa muda mrefu kama mtu anayemtazama shahidi aliyemgeuka. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Mlima Elgon.

"Kemboi," aliita. "Beba."

Jumamosi asubuhi walipanda lori la mahindi lililokuwa likienda Bungoma, yeye na Dinah wakiwa wamekaa juu ya magunia, Kemboi akiwa amekaa kwenye kochi, kwa sababu safari hii alikataa katakata kulisindikiza akiwa amesimama. Kamati ilikuwa katikati ya chai mlango ulipofunguka, na kiti kikaingia kabla ya watu.

Mwenyekiti, Mchungaji Walubengo, alikuwa mtu mnene wa sauti nzito. "Hii ni nini?"

"Ni samani zetu, Pasta," Edah alisema. "Zote tatu."

Bramwel aliinama, akaona doa la chai, akalitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Masikio yalimwiva.

"Hili ni moja?"

"Ulilikalia mara tatu, mwanangu. Na joto ulilisikia mwenyewe."

Mweka hazina alikohoa. Mwenyekiti alikunja uso. "Kwa hivyo, mama, mlidanganya kamati ya kanisa."

"Tulipokea mgeni."

"Mliazima vitu ili muonekane wenye navyo! Huo ni uongo."

Edah alichukua kikombe kilichokuwa mbele ya mwenyekiti, akakiinua kwa heshima zote, akageuza chini yake. Kulikuwa na alama ya rangi ya kijani, ile ambayo jiko la shule hupaka vikombe vyake visipotee. Akageuza cha mweka hazina. Kijani. Cha Bramwel, kijani.

"Pasta, hizi ni zako?"

Mchungaji alikipokea kikombe chake, akakificha chini ya meza.

"Shule... ilituazima," mchungaji alisema. "Tulikuwa tunatarajia wageni."

Dinah ndiye aliyeanza kucheka. Mweka hazina alijaribu kujizuia, chai ikamtokea puani. Mwishowe hata mchungaji alifuta macho kwa leso, akasema haya, haya, maji huingia kwako, mama?

"Mpaka magotini. Kila mwaka. Nimechoka, Pasta."

Alilisema hilo bila mzaha wowote, na watu wakaacha kucheka.

Mchungaji alifungua droo, akaweka ufunguo mezani. Vyumba vitatu vya Bungoma vilikuwa tayari, alieleza. Vya Kitale vitakamilika baada ya mvua. Mpango ulikuwa kumrudisha kila mtu karibu na watu wa kabila lake. Kesho Edah angelala juu ya saruji. Dinah na Kemboi wangefikiriwa.

Edah aliutazama ufunguo. Hakuwahi kuona kitu kidogo kinachong'aa hivyo.

"Watu wangu," alisema polepole, "ndio walionifukuza. Hawa wawili ndio hunitoa kwa maji. Kemboi hunibeba mgongoni, Dinah ananipa kitanda. Mkiniweka huku peke yangu, na miguu hii, nikianguka nitaita nani? Kamati?"

Aliusukuma ufunguo urudi, kwa kidole kimoja, taratibu, kana kwamba una moto.

"Nipatieni vya Kitale. Vitatu, ukuta kwa ukuta. Nitangoja."

"Mvua itaanza baada ya wiki mbili tu, mama," Bramwel alisema kwa sauti ndogo.

"Naijua mvua kuliko wewe."

Bramwel ndiye aliyetoa hoja. Alisimama, akanyoosha tai, akasema kwamba fomu yake ilikuwa na maswali thelathini na moja na hakuna hata moja lililouliza *nani hukusaidia?* Alipendekeza vyumba vya Kitale vipangwe kwa majirani, si kwa makabila. Hoja ilipita kwa tofauti ya kura moja, na kura hiyo ilikuwa ya mwenyekiti, aliyekuwa bado ameficha kikombe chake chini ya meza.

Aprili ilikuja na hasira zake. Maji yaliingia kwa Edah mara tano, na mara tano Kemboi alimbeba hadi kwa Dinah huku akilalamika kwamba kochi lilikuwa jepesi zaidi.

Walihamia vyumba vyao vitatu vya Kitale mwezi wa Julai. Mvua kubwa ya kwanza ilipiga mabati adhuhuri moja, na Edah akapanda kitandani, akakunja miguu, akafunga vitu vyake kwenye kanga, akangoja. Akangoja saa nzima. Sakafu ilibaki kavu kama biskuti.

Akagonga ukuta. "Dinah! Kwako yamefika?"

"Hapana! Kwako?"

"Hapana." Akafikiri. "Mwulize Kemboi kama kwake yamepita. Nimekaa hapa miguu juu kama mjinga, na hakuna mtu wa kuniambia nishuke."