Mkono Katika Tuta la Tatu

Jumamosi ya pili ya Julai, saa nne na dakika kumi asubuhi, Gerlinde Harms alichomeka uma wa bustani chini ya shina la kwanza la viazi kwenye tuta la tatu, akaukanyaga kwa buti, akainua. Udongo ukapasuka, vikabingirika viazi saba, na nyuma yavyo ukatoka mkono wa marehemu mumewe ukiwa umeshika cha nane. Aliujua kwa kidole cha pete, ambacho msumeno wa karakana ulikikata nusu zamani. Akakipokea kile kiazi, akakisugua kwa kidole gumba mpaka ganda likachubuka, akakinusa.

"Ahsante, Heino," akasema. "Umekawia."

Heino alizikwa Februari kwenye makaburi ya upande wa pili wa mji wetu wa Oldenburg, kwa hiyo safari ilimchukua miezi mitano. Chini hakuna ua wala lango, lakini mizizi ni mingi.

Bustani yao ilikuwa namba ishirini na saba katika chama chetu cha Furaha ya Jembe, nyuma ya reli. Sisi ni watu wa kukaa ghorofani. Tunakodi kipande cha ardhi, kibanda cha mbao na kanuni za kurasa arobaini na mbili. Theluthi moja ya kila bustani lazima iwe mboga na matunda. Ua usizidi mita moja na robo kwenda juu. Kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana ni mapumziko: hakuna mashine, hakuna nyundo, hakuna kuchimba. Heino akiwa hai alikuwa kwenye kamati iliyoandika kanuni hiyo ya mchana, na sasa kila ikigonga saa saba kamili mkono wake ulirudi chini, hata kama ulikuwa katikati ya shina.

Lakini viazi vile, jamani! Anayekula vya dukani tu namwonea huruma. Unapapasa udongo wenye uvuguvugu, unadhani umemaliza, unataka kuinuka, kidole kinagonga kingine, kikubwa kuliko vyote. Gerlinde alicheka peke yake kila mara. Karoti zilipanda zenyewe, kwa sababu Heino alizisukuma kutoka chini, na figili vilevile. Maharagwe Gerlinde aliyachuma mwenyewe, maana yako juu. Mchana alichemsha viazi na maganda yake kibandani, akavila kwa siagi na chumvi, ameketi. Tangu mazishi alikuwa akila mkate amesimama jikoni, akitazama ukuta. Sasa alikuwa na furaha, na aliogopa jambo moja tu, kunyang'anywa bustani.

Mwenyekiti wetu anaitwa Detlef Knospe, mkaguzi wa lifti mstaafu. Hutembea na kijiti cha kupimia mkononi, na sijawahi kumwona bila hicho kijiti, hata kanisani. Jumamosi iliyofuata alisimama kwenye ua wa Gerlinde, akapima, akachungulia.

"Bi Harms, huyo ni nani?"

"Heino, Bwana Knospe."

"Si alikufa?"

"Alikufa."

"Hilo ni lake. Mimi nauliza, analala hapa?"

Gerlinde hakuwahi kujifunza uongo, maskini. Akasema anadhani analala hapo.

"Basi hayo ni makazi ya kudumu. Kanuni ya kumi na nne. Bustani ni ya kulima, si ya kukaa. Kaburi amekodishiwa miaka ishirini na mitano, akalitumie."

"Lakini anavuna tu! Anamsumbua nani?"

"Na uanachama wake uliisha Februari. Anavuna kama nani?"

Mkono ukamwonyesha ishara ambayo siwezi kuieleza hapa. Knospe akaiandika kwenye daftari pamoja na saa ilipoonyeshwa. Shauri likapelekwa kwenye mkutano mkuu, ambao hufanyika mara tu baada ya sherehe ya mavuno. Mkwe wa Knospe, Torben, alikuwa wa arobaini na moja kwenye orodha ya wanaosubiri bustani. Tulielewa sote, tukaendelea kupalilia.

Sasa sikilizeni habari ya bustani ya Knospe mwenyewe. Ni nyasi tupu, zimekatwa kama kapeti. Kuna beseni kubwa la maji moto la kuogea watu wawili, ambalo kwenye ripoti ya ukaguzi limeandikwa tangi la kumwagilia. Na kuna tuta moja la viazi, ambalo kila mwaka huota Ijumaa jioni kabla ya sherehe. Mwaka huo nao likaota.

Kwenye sherehe kila mwanachama huchimba shina moja mbele ya wote, viazi vinapimwa, mshindi anapewa kikombe. Gerlinde alipata kilo mbili na gramu mia tatu. Tukapiga makofi, tukahamia kwa Knospe. Alikunja mikono ya shati, akachomeka uma, akainua, na kutoka ardhini ukatoka mkono wa Heino umeshika mfuko wa wavu wa dukani, kilo mbili na nusu, umefungwa kwa pini yake, na karatasi ya bei bado inaning'inia. Mkono ukamkabidhi kwa adabu, ukapunga, ukazama.

Roswitha, katibu wetu, akavaa miwani akasoma ile karatasi kwa sauti. "Vimeoshwa tayari. Hifadhi mahali pakavu penye giza."

"Vilikuwa gizani," akasema Knospe.

"Kweli, vilikuwa gizani," Roswitha akakubali. Akafungua kanuni za shindano. Zinadai viazi vichimbwe katika bustani ya mwanachama, mbele ya mashahidi. Vimechimbwa, na mashahidi tulikuwepo thelathini na sita. Knospe akapewa kikombe kwa mwaka wa tisa.

Ungetarajia mtu aseme neno. Nami nilitarajia, na nilikuwa na mdomo wangu palepale. Lakini kila mmoja alikuwa akitazama matuta yake kwa mbali, akifikiria mkono ule unapita wapi. Nusu ya kabichi za chama chetu zimetoka sokoni. Kura ikapigwa: thelathini na mmoja walitaka makazi yaondolewe na bustani irudi kwa chama, wanne walikataa. Gerlinde hakuruhusiwa kupiga, kwa kuwa shauri lilimhusu.

"Nyie watu," akasema, akalia mbele yetu. "Mmekula supu ya viazi vyake miaka ishirini."

Roswitha akaandika kwamba mwanachama alitoa maoni.

Torben aliingia namba ishirini na saba wiki iliyofuata. Aling'oa matuta, akatandaza nyasi za kukunjua kama zulia, akasimika trampolini ya kurukia. Kwa ajili ya theluthi ya mboga aliweka chungu kimoja cha vitunguu majani. Baba mkwe akakipima pamoja na kivuli chake, saa kumi na moja jioni, na theluthi ikatimia.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba Gerlinde alikuja, akasimama nje, kwenye njia ya wote. Ardhi ikapasuka kando ya ua, mkono ukatoka na kiazi kimoja kidogo kama yai la kware. Ndicho kilichokuwa kimebaki. Knospe akatokea.

"Njia si ya kuvuna, Bi Harms. Nakuonya mara moja tu."

Jumamosi iliyofuata mkono ulitoka mtupu, kiganja wazi. Gerlinde akaushika. Alikuwa amekuja na kiti cha kukunja, akaketi, akaanza kumsimulia Heino habari za ghorofani. Knospe alizunguka mara mbili akipekua kanuni. Kisha akainama, akapima mkono kutoka ardhini mpaka kwenye ncha ya vidole: sentimita thelathini na nane, chini kabisa ya kiwango cha ua. Akaandika kwamba unaruhusiwa.

Kiti ndicho kilichokatazwa, maana njia haitakiwi kuzibwa. Gerlinde ana miaka sabini na nne na magoti mabovu. Kila Jumamosi hupiga magoti pale kwenye kokoto, ameshika mkono wa mumewe, nasi tunapita na matoroli yetu, tunamwamkia, tunamzunguka. Saa saba kamili Heino humwachilia.