Mlima Uliopungua

Kila siku, mara tatu, mtu mmoja aliupima mlima ambao ulikwisha kupimwa zamani. Ungemwona ungesema akili zimemruka, lakini ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Aliishi peke yake katika kituo cha hali ya hewa, kibanda cha mawe kule kileleni, na watu wa chini walimwita Mawingu. Ukutani alikuwa na barometa, chombo kinachopima uzito wa hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua, na mshale unashuka. Ila barometa ikiwa peke yake ni mwongo mkubwa. Mvua ikikaribia, mshale hushuka vilevile, na mtu aliyekaa kitini anakunywa chai huambiwa amepanda juu. Ndiyo maana inatakiwa barometa ya pili chini, isomwe wakati uleule. Ukilinganisha hizo mbili unapata kimo cha mlima, na mlima haukui wala haupungui. Ukipungua, ujue chombo kimoja kinaumwa.

Barometa ya chini ilisomwa na dada yake, katika ofisi ya bondeni. Vitabu vinasema vimo vyote huanzia usawa wa bahari, lakini Mawingu hakuwahi kuiona bahari. Kwake yeye mlima ulianzia mezani kwa dada.

Ungedhani ndugu wa tumbo moja wakipigiana simu kila siku wana mengi ya kuzungumza. Hawa walipeana namba tu. Mke wa Mawingu alipofariki, Mawingu aliomba kazi ya mlimani, kazi ambayo hakuna aliyeigombania. Dada alimwambia mbele ya watu kwamba huzuni haikimbiwi, na kwamba mwanamume mzima hapandi mlimani kama mbuzi eti kwa sababu nyumba imekuwa kimya. Maneno yale yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Tangu hapo hakushuka kwao, na likizo zake aliziacha zioze. Dada naye alikuwa kichwa ngumu kama yeye. Alisoma namba zake, basi, ila kila alipomaliza aliongeza neno ambalo halikuwa la kazi.

“Umekula?”

“Nimeandika,” Mawingu alijibu, akakata simu.

Miaka ikaenda hivyo. Sasa dada alikuwa anastaafu, na mahali pake ungefungwa mtambo wa kujisomea wenyewe, unaotuma namba bila kumpigia mtu simu. Siku yake ya mwisho ilipofika, Mawingu aliamka alfajiri. Alijua kuanzia kesho hakuna kiumbe atakayemuuliza kama amekula. Aliogopa, na alitaka kumwambia dada kwamba anaogopa. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Asubuhi simu ikalia. Namba zilikuwa sawa, na mlima ulikuwa mahali pake.

“Dada,” akaanza.

“Nina haraka, mdogo wangu. Umekula?”

“Nimeandika.”

Akakata simu, kama kila siku. Mawingu akabaki ameishika, anajitukana mwenyewe.

Mchana akasomewa namba ya ajabu. Alipopiga hesabu, mlima ulikuwa umebaki nusu. Akachungulia dirishani. Mlima ulikuwepo wote, na jua linawaka.

“Dada, hebu rudia.”

Akarudia, ileile.

“Hiyo namba ni ya dhoruba, na huku mbingu nyeupe. Gonga kioo, mshale umekwama.”

“Nimegonga.”

“Basi chombo kimekufa. Yaani siku ya mwisho ndiyo unanivunjia mlima?”

“Wewe andika nilichokusomea. Au siku hizi unachagua namba?”

Alikuwa anahema. Upepo ulisikika kwenye simu, Mawingu akadhani ni ule wa dirishani kwake.

“Dada, unaumwa?”

“Uzee tu. Umekula?”

Safari hii dada ndiye aliyekata simu, bila hata kungoja jibu. Hakuwahi kufanya hivyo. Mawingu alikaa na chai yake mpaka ikapoa. Alimfikiria dada pale ofisini, macho yameisha, hasomi tena mshale vizuri, na wenzake wanamcheka pembeni. Halafu akafikiria mabaya zaidi. Akapiga simu, haikupatikana. Akapiga tena.

Alasiri simu ikapigwa kutoka chini, mapema kidogo. Dada alisoma namba moja, polepole. Mawingu alipiga hesabu kwa mazoea tu. Kwa hesabu ile, dada alikuwa chini yake kwa mita kumi na moja. Akacheka peke yake kama mwehu, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Nje ya mlango wake kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Alizipima mwenyewe zamani, siku za upweke, kwa kukosa la kufanya. Zilikuwa mita kumi na moja.

Akafungua mlango.

Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, amevua viatu, fimbo iko magotini, na barometa ya ofisi ameipakata kwenye mtandio. Gari la mafuta ya jenereta lilimfikisha lilikoweza. Palipobaki alikuja kwa miguu, anatembea na kupumzika.

“Mbona hukusema?” Mawingu aliita kutoka juu.

“Ungeniambia nisije.”



“Basi panda, upepo mkali.”

“Sipandi tena. Magoti yamegoma. Mimi nimepanda mlima mzima, hizi zilizobaki shuka wewe.”

Mawingu akauegesha mlango nyuma yake. Ngazi alizishuka kila wiki kuchukua mafuta na unga, lakini hakuwahi kuzishuka kumfuata mtu. Akaanza kushuka, mkono mmoja kwenye mwamba. Alipofika chini akaketi kando ya dada yake, karibu mpaka mabega yakagusana. Dada akamsogezea barometa aisome. Hakuitazama.

“Sijala,” akasema. “Dada, siku nyingi sana sijala.”

“Najua,” dada akasema. Akaiweka barometa chini, akaanza kufungua kifurushi alichokuja nacho.