Sekunde Kumi na Tano za Kutulia

Saa moja na nusu jioni, Oktoba 2024, Zenon alisimika stendi ya kamera katikati ya matuta ya mama yake, nje kidogo ya Katandala, kwa kuwa pale magharibi ilikuwa wazi. Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti, mtaa wa Chanji. Mwenzake, Andwele, mwalimu wa fizikia kutoka Mbeya, alifunika tochi kwa nailoni nyekundu ili macho yao yabaki yamezoea giza, akampa mama aishike. Nyota ya mkia, waliyotaka kuipiga picha pamoja na mama, ilikuwa juu ya ukingo wa uwanda.

"Mama Kristiana, usitikisike. Sekunde kumi na tano."

"Mimi nimesimama, mwalimu. Hiyo mashine yako ndiyo inatetemeka," mama alisema, akajikuna shingo.

Jioni nne alipigwa picha, na zote nne alitoka ukungu mtupu.

Jirani yao, Adriano, aliiona ile taa nyekundu kila jioni. Siku ya tano mtoto wake alikufa kwa homa, naye akasema mama ndiye mchawi aliyekuwa akiilisha nyota. Alikuja na wadogo zake wawili kabla Zenon hajafika. Mama alikuwa amekwisha kuwasha tochi. Walimkata kwa panga kichwani mara tatu, shingoni mara moja, kisha wakamkata mkono wa kushoto, kwa sababu haukutaka kuachia tochi. Mkono ulikutwa mtaroni umeishika, inawaka.

Juu ya jeneza hapakuwekwa picha, maana hata moja haikuwa imetoka wazi. Tochi iliwaka msiba wote bila kubadilishwa betri. Wanawake waliitumia kumulikia wakipika ugali. Adriano na wadogo zake walisaidia kuchimba kaburi.

Jioni ya mazishi Zenon na Andwele walirudi shambani. Mama alikuwa amesimama palepale, khanga imelowa begani.

"Umechelewa, baba," alimwambia Zenon. "Leo nitatulia."

"Shikamoo, mama," alisema Andwele.

"Marahaba. Bonyezeni."

Alitulia sekunde zote. Picha ilitoka safi: nyota na mkia wake, mama na majeraha yake matano, na nyuma yake wanaume watatu wameinua panga. Shambani nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kesho yake Zenon aliipeleka kituoni.

"Umepiga lini?" askari aliuliza.

"Jana, saa moja na nusu."

"Saa hiyo hawa walikuwa msibani kwenu. Adriano nilikula naye sahani moja." Akaigeuza picha kwenye mwanga. "Ila nyota umeipatia."

Jumatatu Adriano aliingia studio, amevaa shati lile la pichani.

"Nasikia nimetoka."

Zenon alimwonyesha. Adriano aliisogeza karibu na macho.

"Huyu mdogo wangu amefumba macho. Huna nyingine?"

"Ni hiyo tu."

"Basi nisafishie kubwa, ya ukutani."

Zenon alimsafishia. Nakala yake mwenyewe aliikata, akabaki na upande wa mama.

Mwisho wa mwezi nyota ilififia. Mvua zilipokaribia, Adriano na wadogo zake waliingia na majembe katika shamba la mama. Mama husimama hapo kila jioni, katikati ya matuta. Wanalima kumzunguka, kwa kuwa sasa hatikisiki.