Alama za Meno

Binti wa Nguzo alikaa kiti cha mbele, gitaa la besi la baba yake limelala mapajani, akiwatazama watu wazima wakimlilia mtu ambaye yeye alishindwa kumlilia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali walikuwa wameshaingia, wamevua viatu na kujinyoosha, mfiwa angali mlangoni.

Ilikuwa siku ya tisa tangu mazishi. Alikuwa amekula, amelala, amekwenda kazini kwenye kiwanda cha nyuzi, akafungua mashine mbili na kuzifunga tena bila kubakiza hata nati moja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Mashabiki walipomwomba gitaa walitundike katika ukumbi ambamo Nguzo alipiga muziki wa roki miaka thelathini, alijibu, "Lichukueni tu," kama mtu aliyeombwa ngazi.

Ganzi yenyewe haikuanza kwenye mazishi. Miaka minne nyuma alisimama jikoni, nyuma ya baba yake aliyekuwa akiosha vikombe, akamwambia, "Baba, daktari anasema Mama hana siku nyingi. Twende sasa hivi."

Baba hakugeuka. Alisuuza kikombe, akakifudikiza, akachukua kingine. Binti alisubiri vikombe vitatu, kisha akaenda hospitali peke yake. Nguzo alifika siku ya tatu, baada ya jirani kumfuata na kumshika mkono, akakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Hakueleza neno, wala binti hakuuliza. Tangu siku hiyo wakawa watu wa salamu, na salamu zenyewe za kupungiana.

"Nguzo hakuwa mtu wa kurukaruka," alisema Mwenyekiti wa mashabiki, muuza viatu mwenye kitambi cha heshima. "Wenzake wanarusha nywele, yeye kasimama vilevile, macho kwenye mguu wa mpiga ngoma. Miaka ya mwisho hata umati hautazami. Kazi kwanza!"

"Na tukimwita je?" alidakia mkunga mmoja, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nguzo! Nguzo! Mpaka koo zinakauka, wala hageuki. Nikawa namwambia mume wangu, mwone anavyoringa. Na kuringa kwenyewe kulimpendeza."

Ukumbi ulicheka huku ukilia. Binti alihesabu feni za darini. Zilikuwa sita, moja haizunguki.

"Jamani, na kuuma mnakukumbuka?" Mwenyekiti aliuchukua ufagio uliokuwa pembeni, akautia kifuani. "Wimbo unataka kuanza, anatupa mgongo. Anainamisha kichwa, anaiuma pembe ya gitaa kwa meno, hivi, halafu ndiyo anaugusa uzi mnene. Simba na mfupa wake! Vijana wote wakaiga. Wangu mimi alivunjika jino."

Binti alishusha macho. Kwenye pembe ya gitaa, rangi ilikuwa imelika mpaka kwenye mbao, vishimo vidogo vimejipanga nusu duara. Asubuhi, alipolifuta vumbi kwa tambara la kiwandani, alidhani ni panya.

Kiwandani kwao kulikuwa na msimamizi waliyemwita Mzee Bisibisi, ambaye masikio yake yalimalizwa na kelele za mashine. Akitaka kujua beringi ipi imechoka, huuma mpini wa bisibisi, akaiegemeza ncha kwenye chuma, akafumba macho. Sauti, alikuwa akisema, inapita hata mfupani. Na siku ya kwanza kabisa alimwonya binti wa Nguzo: "Usinisemeshe kutoka nyuma. Ukiwa na neno nami, njoo mbele." Huu ulikuwa mwaka wa sita akizunguka na kusimama mbele ya mzee yule kila alipokuwa na neno, na hakuwahi kusahau hata siku moja.

Mpiga ngoma alikuwa ameketi karibu na mlango. Tangu mchana hakuwa amesimulia chochote.

"Baba mdogo," binti alimwita, "baba alikuwa hasikii?"

Kicheko kilikatika. Mpiga ngoma aliutazama mguu wake wa kulia.

"Aliniapisha. Alisema, mpiga besi kiziwi, nani atamwita? Miaka saba ya mwisho, mwanangu, nilikuwa nakanyaga ngoma kwa nguvu ili auone mguu. Wimbo ukianza, anautafuta kwa meno."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani masikio yake alikuwa mama yako. Sasa mama yako alipolazwa..."

Binti alingoja kitu kipasuke ndani yake. Hakikupasuka. Aliviona vikombe tu, kimoja, viwili, vitatu, na mgongo wa baba yake ndani ya fulana ya kijivu, na hatua nne za sakafu ambazo angezipiga akafika mbele yake. Hatua nne! Jiko lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

"Basi tulitundike?" aliuliza Mwenyekiti kwa upole. Misumari ilikuwa tayari ukutani.

"Subirini kidogo."

Alisimama, akawapa mgongo. Mfukoni mlikuwa na vizibo vya masikio vya kazini. Alivisokomeza mpaka ukumbi ukazimika. Kisha aliinama, akaiweka midomo kwenye pembe, akayatafuta yale mashimo kwa meno yake. Yalikuwa mapana kidogo kwake. Vanishi ilikuwa chungu. Akaugusa uzi mnene.

Sauti haikutoka popote. Ilipanda tayani, ikajaa fuvu, ikashuka polepole kifuani, mahali ambapo kwa miaka minne hapakuwa na mtu. Akaugusa tena. Akafumba macho.

Nyuma yake Mwenyekiti alimwita mara moja, mara mbili, mara tatu. Binti wa Nguzo hakugeuka.