Shati la Usaili

Saa moja na nusu asubuhi Kaimu aliinua pasi ya mvuke, akageuza kola ya shati la bluu la Meneja, akaanza kuinyoosha kutoka nchani kwenda katikati. Ukianzia katikati unasukuma mikunjo kwenye ncha, na kola inatoka kama sikio la mbuzi. Mvuke ulipopenya kitambaa, shati likasema kwa sauti ya Meneja, "Wewe usiwe na wasiwasi, shemeji. Tangazo ni la kutimiza utaratibu tu."

Kaimu akageuza upande wa pili.

Nguo hushika maneno ya anayezivaa kama zinavyoshika jasho lake, na zikipata joto lenye unyevu huyatoa. Dobi yeyote anajua. Ndiyo maana redio ya chumba cha kufulia cha hoteli ile haikuwahi kuzimwa, maana mashuka ya wageni yalikuwa na mambo. Ukitaka nguo isahau, ifue kwa maji ya moto. Ukiifua kwa maji baridi ukaitia wanga, inakumbuka kuliko karani.

Alikuwa Kaimu Msimamizi wa chumba hicho kwa miaka tisa, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho peke yake. Mara mbili nafasi ya msimamizi ilitangazwa, na mara mbili akaletwa mtu asiyejua sabuni ya unga na ya maji. Kaimu akamfundisha, mtu akaiva, akahamia kwingine kwenye maslahi zaidi, ukaimu ukamrudia mwenyewe kama paka aliyetupwa. Sasa ilikuwa mara ya tatu. Meneja aliteremka mwenyewe mpaka mlangoni, akamwambia, "Omba, Kaimu. Safari hii jiandae vizuri."

Maneno hayohayo alimwambia miaka sita nyuma. Wakati huo mama yake Kaimu alikuwa amelazwa, na ni mama mwenyewe aliyemfukuza kitandani: "Nenda kwenye usaili wako mwanangu, mimi sihami." Kaimu akaenda, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Meneja kuanzia saa mbili. Saa saba mama akahama. Saa nane Kaimu akaitwa ndani, akajibu maswali yote huku hajui lolote la mama yake, akaambiwa, "Tutakupigia." Siku ile iliita simu moja tu, nayo ilitoka hospitali.

Meneja alikuwa amevaa shati la bluu. Hulivaa kila usaili, anasema lina bahati ya kuchagua watu. Na tangu wiki ile ya msiba, shati lile halikuonja maji ya moto tena. Kila alipolinyoosha lilimjibu swali ambalo Kaimu alikuwa hajamuuliza mtu. Kwa hiyo jibu alikuwa nalo, tena la miaka sita. Alichokosa ni mashahidi, na chumba cha usaili kingekuwa nao, mradi shati liseme mbele yao.

Tatizo lilikuwa moja. Ofisi ya Meneja ilikuwa na kiyoyozi kikali kama cha chumba cha nyama, na shati bila jasho halisemi.

"Yule hatoki jasho hata akifukuzwa na nyuki," alisema wifi yake, aliyeuza kwenye duka la dawa na kupitia intavyuu kumi na moja bila kufa. "Dawa ni moja tu, wifi yangu. Umjibu vizuri mpaka akose pa kukushika. Hapo lazima aloe."

Basi wakaanza. Kila jioni kwa wiki tatu, wifi akiwa ameinamia simu yake, Kaimu akiwa amesimama wima mbele ya kabati la vyombo kama mbele ya hakimu.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Sisahau."

"Hilo litawatisha. Sema unapenda kazi kupita kiasi."

"Huo uongo."

"Ni intavyuu, wifi, si toba. Haya, baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

"Nimekaa."

Wifi akasema hilo liachwe kama lilivyo. Kaimu akakariri uzito wa kila mashine, muda wa kila kitambaa, na sabuni ipi ikichanganywa na ipi inatoboa taulo. Mengine hakuhitaji kukariri, alikuwa nayo mikononi.

Alhamisi ya usaili alilitia shati wanga mara tatu, likasimama lenyewe kama ubao. Alilitundika kwa mkono wake kwenye kabati la Meneja, kisha akaenda kukaa kwenye benchi lilelile.

Ndani walikuwa watatu: Meneja katikati, mama wa utumishi akiandika kumbukumbu, na mpishi mkuu aliyeletwa kujaza kiti. Waliuliza doa la damu linatokaje. Akasema kwa maji baridi, kwa sababu ya moto yanalipika likabaki milele. Waliuliza mfanyakazi mtoro anarudishwaje, akajibu. Meneja akaiacha karatasi, akaanza kuuliza ya kichwani.

"Umeme umekatika, mashine zimesimama, ukumbi una wageni mia tatu wanasubiri meza. Unafanya nini?"

"Nafungua kabati la juu. Kuna vitambaa vya meza vikavu vya akiba, naviweka tangu mwaka wa kwanza wa ukaimu."

"Katuokoa mara mbili," alisema mpishi mkuu.

Meneja akatafuta swali lingine, akakosa. Tone moja likatoka nyuma ya sikio lake, likateremka shingoni, likazama kwenye kola.

Shati likakohoa. "Usiwe na wasiwasi, shemeji," likasema. "Hawa wengine tunawaita kukamilisha idadi."

Mama wa utumishi akainua kalamu. "Nimwandike nani hapo? Wewe au shati?"

"Shati," alisema Meneja.

"Kaimu mpeni hamsini," likaendelea shati. "Akipanda cheo, kola zetu atanyoosha nani?"

Mama wa utumishi akavuta karatasi ya Meneja ya alama. Hamsini ilikuwa imeshaandikwa, na wino ulikuwa umekauka zamani. Akairudisha mahali pake, akasoma mstari wa mwisho wa fomu, kwa kuwa ulikuwepo.

"Una swali lolote kwetu?"

"Moja," alisema Kaimu. "Siku ile mama yangu anakufa, mimi nimekaa kwenye benchi hilo nje, nafasi ilikuwa imeshatolewa?"

"Ni zamani, sikumbuki," alisema Meneja.

"Ilitolewa Jumatatu," likasema shati. "Alhamisi tulimwita ili asije akalalamika."

Mpishi mkuu akaangalia viatu vyake. Mama wa utumishi akaandika siku zote mbili, akapiga mstari chini yake, akamwambia Kaimu asante kwa kuja, tutakupigia.

Kumbukumbu zilipigwa muhuri, zikaingia kwenye faili, faili likaingia kabatini. Jumatatu shemeji wa Meneja akaripoti kazini na kikombe chake cha chai, akaonyeshwa kiti cha msimamizi.

Jumatano Meneja aliteremka na mashati saba mikononi. Macho yalikuwa yamemwiva. Alisema zamani lilikuwa lile la bluu tu, sasa yote yanasema, na kwamba mke wake ameanza kukaa jikoni na birika la maji yanayochemka, anayafukiza moja baada ya jingine, anasikiliza.

"Mama, nisaidie," alisema. Alikuwa hajawahi kumwita mama. "Yatakuwa tayari lini?"

Kaimu akayahesabu, akayafungia kibandiko.

"Yaache hapo. Tutakupigia."

Meneja akatoka, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, simu kiganjani. Kaimu akayapakia mashati kwenye mashine, akazungusha kitufe mpaka kwenye maji baridi, akapima wanga vikombe vitatu.

"Kaimu," aliita shemeji kutoka kwenye kiti, "hii pasi inawashwaje?"

Akaenda kumwonyesha.