Majamvi ya Bi Ummulkheir

Saa mbili asubuhi, Jumamosi moja ya Septemba 1947, stoo ya kilabu cha kriketi kule Tudor ilikuwa tupu. Sakafuni palibaki vumbi la usumba na misumari iliyopinda.

"Zulia liko wapi, Dzoro?" Amtulla aliuliza.

"Lilichukuliwa jana, bibi. Jusab yuwalitaka kule nyuma ya turubai, afanyie mazoezi. Mechi yao ni kesho." Mlinzi wa uwanja alitazama pembeni. "Mimi kazi yangu kufungua mlango tu."

Amtulla alikuwa mshonaji wa sare, na kwa miaka saba hakuna mwanamke kisiwani aliyemfikia katika kriketi: alirusha mpira, alipiga kwa bati la mbao, alidaka. Wiki nzima, kila alipotoka cherehanini, alikwenda kumrushia Jusab, nahodha wa wanaume, kwa sababu mpira wake ulipinda ukishagusa chini, sawasawa na wa yule mrushaji wa wapinzani waliyemhofia wanaume. Turubai lilitundikwa ili watu wasione nahodha anafundishwa na nani. Malipo yake yalikuwa ahadi moja: Jumamosi zulia la usumba ni la wanawake.

Bila zulia haichezeki. Uwanja ule ni changarawe na vipande vya matumbawe. Nayo kamati ya kilabu ilikuwa imetamka kwamba wanawake wakicheza mechi moja kamili na timu ya wageni, watapewa uwanja kila Jumamosi. Wageni walikwisha fika kutoka Unguja. Meli yao ingeondoka kesho asubuhi.

"Twende kwa Bi Ummulkheir," alisema Khatija, mchezaji mwenzake.

Bi Ummulkheir wa Kibokoni ndiye aliyetunza majamvi ya mtaa, yale ya kutandikwa arusini na matangani. Aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Mpira juu ya majamvi ya matanga? Kwani mwamzika nani?"

"Kamati, bibi," Khatija alijibu.

Bi Ummulkheir alicheka mpaka akashika kizingiti. "Basi chukueni yote. Lakini alasiri nayataka. Kwa kina Sheikhan kuna hitima."

Majamvi yalifika Tudor kwa mkokoteni, yakapigiliwa misumari, mawili mawili. Mpira mara uliteleza, mara uliruka usoni. Mmoja ulimpiga Amtulla mdomoni. Alitema damu, akashika bati tena. Alipata mbio arobaini na moja. Zamu ya wageni ilipofika akarusha yeye, na sita kati yao walitolewa mchezoni kwa mkono wake. Wenyeji walishinda kwa mbio tisa.

Dawoodbhai, katibu wa kamati, alikuwa kivulini tangu mpira wa kwanza, na kikombe chake cha chai. Sasa alikuja, akabonyeza jamvi kwa ncha ya kiatu.

"Mmejitahidi, wanangu. Lakini kanuni yasema zulia. Mechi haikuchezwa."

"Dawoodbhai, ulikuwa umekaa pale. Ulinipigia makofi," alisema Amtulla.

"Niliona wanawake wakijifurahisha. Mechi sikuiona."

"Na makofi yalikuwa ya nini?" Khatija aliuliza. "Ya mbu?"

"Zulia kalichukua nani?" Amtulla alisema. "Jibu hilo kwanza."

"Hilo halimo katika kanuni."

Nyuma ya turubai Jusab aliita. "Amtulla! Njoo unirushie kidogo, jua lingali juu!"

Amtulla alifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Muulize katibu," alijibu, na uwanja mzima ulimsikia. "Amtulla leo hakucheza. Hayuko."

"Acha mzaha, dada! Kesho ni mechi!"

Amtulla aliinama akaanza kung'oa misumari, na wageni wa Unguja wakainama naye. Majamvi matatu yalikuwa yametoboka. Yalipakiwa yote mkokotenini. Nyuma ya turubai mpira ulikuwa ukigonga ukuta na kurudi, kwa mtu asiye na wa kumrushia.

Saa kumi yalitandikwa nyumbani kwa kina Sheikhan. Bi Ummulkheir aliyatazama matundu, kisha akautazama mdomo wa Amtulla uliovimba. Alikaa juu ya tundu kubwa kuliko yote, akatandaza buibui lake, na hitima ikaanza.