Buti za Mama

Mwaka ule theluji iliwahi. Iliangukia kijiji cha Kirisawa miti ikiwa bado na majani mekundu, na mafundi wakiwa bado wanatia grisi mashine ya viti vinavyopandisha watelezaji wa theluji mlimani. Tokiyo alikuwa uani kwa nyumba yake ya wageni, kwenye chemchemi ya maji moto, anaosha majani ya achari ya wageni wake. Alipoona weupe unamtua mikononi, alijua Mama atashuka leo.

Mama alikuwa marehemu. Kila theluji ya kwanza alitoka makaburini juu ya mlima, akashuka kwa kiti, akakaa kijijini hadi theluji iyeyuke. Mzee Hatakeyama wa mashine humpunguzia mwendo kwa sababu ya magoti yake. Tiketi hamwulizi.

Ila Mama hukaa kwa Mineko, mdogo wake Tokiyo, naye mwenye nyumba yake ya wageni ng'ambo ya barabara. Mineko huyohuyo aliyekuwa jijini Tokyo muda wote Mama akiwa kitandani, akaja mazishini na kofia mpya! Aliyemgeuza Mama na kumlisha uji wa mchele ni Tokiyo. Asante ya punda ni mateke. Wivu ulimkaa Tokiyo tumboni kama lile jiwe la kukandamizia achari, na wala hakuuficha.

Lakini leo Mineko hayupo. Ameenda Tokyo kununua mapazia ya msimu, hakutegemea theluji mapema hivi. Ufunguo kamwachia dada yake amlishie paka.

Simu ikalia. "Ameshapanda kiti," alisema Mzee Hatakeyama. "Leo zamu yako, Tokiyo. Ila usimnunie, maana wewe kwa kununa hujambo!"

Tokiyo alisimama dirishani, akamwona Mama anatikisa mlango wa Mineko. Akautikisa tena. Kisha akavuka barabara polepole.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Tokyo, Mama, na treni zimesimama. Ingia upate joto."

Mama alivua buti, akainama, akazipanga sambamba zikitazama mlangoni. Ndivyo Tokiyo anavyowapangia wageni, ili wakiondoka wasihangaike. Tokiyo aliona, moyo ukamchoma.

Alimwandalia uji, achari na mto wa kukalia ulio mzuri kuliko yote. Mama alikaa wima kwa magoti, hayohayo mabovu, kama wakaavyo wageni, akashukuru kila kitu.

"Jamani, usijisumbue."

"Nyoosha miguu, Mama. Hapa si kwako?"

"Pazuri sana, mwanangu," alisema Mama, akatazama dirishani. "Mineko anarudi lini?"

"Mineko, Mineko! Mimi ndiye niliyekuuguza!"

"Najua. Ulinigeuza vizuri, sikupata kidonda hata kimoja." Mama alipuliza chai yake. "Ufunguo wake si unao?"

Tokiyo alikuwa ameuchomeka kwenye mkanda wa kimono. Angesema hana, na theluji ile ingemweka Mama pale siku nzima, labda na kesho.

"Sina."

"Unao," Mama alisema bila hasira. "Tangu niingie unashikashika mkanda. Na hiyo achari nifungie, mdogo wako anaipenda."

Kipenda roho hula nyama mbichi. Tokiyo alifunga achari, akachagua mashina laini, akafungua mwavuli na kumvusha Mama barabara. Akafungua mlango na kuwasha jiko la mafuta.

Mama aliingia bila hodi. Buti moja aliirusha kwenye kizingiti, nyingine ikalala kichwa chini kando ya bakuli la paka. Akachukua koti la Mineko, akajifunika, akanyoosha miguu karibu na jiko.

"Aaah," alisema. "Funga mlango unapotoka, baridi inaingia."

Tokiyo aliinama azipange zile buti. Mkono ukaishia njiani. Akaziacha zilivyo, akafunga mlango.

Alipofika kwake, wageni walikuwa wamerudi kutoka kutazama theluji na kupanda ghorofani. Pale mlangoni viatu vyao vilikuwa vimetupwa ovyo. Alipiga magoti, akavipanga kimoja kimoja, vyote vikitazama nje.